Paka wa Nyumba Haingwa

Wengi wenu mlioko Ulaya na Marekani mmeshazoea kwenda kwenye makao ya wanyama waliookolewa, kujaza fomu na kurudi nyumbani na paka. Kwetu sisi tulioko Oman jambo hili bado ni geni kidogo, na lilipoingia nyumbani kwetu Ibra lilifukua historia ambayo hatukuitarajia.

Unguja paka hakuhitaji kuokolewa, wala hakuwa na mwenyewe. Alikuwa wa mtaa. Alikula matumbo ya samaki sokoni, akalala barazani kwa huyu, akazalia uvunguni kwa yule. Aliyekataa watu tulimwita shume; aliyeingia ndani akazoea hakufukuzwa, ndiyo wazee wakasema paka wa nyumba haingwa. Apitaye penye wauza samaki katika soko la Nizwa ataikuta hali hiyo hiyo.

Kufanana huku kuna sababu zake. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa paka wote wa majumbani wametokana na paka mwitu aitwaye lybica, ambaye jamaa zake wangali katika majangwa ya Oman. Na kwa karne nyingi majahazi ya Sur yalishuka Afrika kwa pepo za kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu, yakarudi kwa kusi na boriti za mikoko. Chombo chenye tende hakikosi panya, na penye panya paka hana haja ya nauli. Jahazi la Fathul Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951, sasa limewekwa nchi kavu mjini humo. Tulipolizunguka tulimkuta mmoja amelala kivulini mwake, kama aliyelipwa kulilinda.

Dini nayo imemwekea paka heshima. Abu Qatada alimwinamishia chombo cha maji ya udhu anywe, akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema si najisi. Ama kile kisa cha kukata mkono wa nguo ili paka asiamshwe, tulichosimuliwa utotoni, hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa.

Sasa turudi Ibra. Bibi yetu alitoka Unguja mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Januari. Alipitia Dubai, akafika Oman baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango Waomani waliokuwa nje. Tulimletea paka kutoka Maskati, jike, aliyevunjwa mguu na gari, tayari kachanjwa na kuhasiwa. Tulidhani atamliwaza. Alimtazama, akauliza, "Mmemnunua?"

Swali halikuwa la mchezo. Imo Hadithi katika Sahih Muslim inayokataza thamani ya paka, na wanazuoni wamekhitalifiana, wengi wao wakijuzisha kumuuza.

"Hapana, bibi. Tumelipa gharama za daktari tu."

Akanyamaza kitambo. Kisha akatwambia kuwa siku waliyotoka nyumbani kwao Malindi aliliacha wazi dirisha la jikoni ili paka apate kuingia na kutoka. Babu aligombana naye kwa kuhofia wezi. Alilirudia mara mbili, "Nililiacha wazi." Miaka yote tuliambiwa habari za ile nyumba, mlango wake wa nakshi, makabati ya Kihindi, hati zilizopotea, na nani aliyekuja kukaa humo. Habari za dirisha hazikutajwa hata siku moja, na babu amekwisha fariki bila ya sisi kumwuliza.

Bibi amempa paka jina la Shume, ingawa ni jike na usiku halali ila miguuni pake. Dirisha la jikoni hataki lifungwe, hata mwezi wa Juni, na kiyoyozi kinakwenda bure.