Jinsi bahari ilivyoifunga njia ya Arua

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, gunia la sukari lililoshushwa Mombasa lilibadilisha vyombo mara nyingi kabla ya kufika Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Treni ililipeleka hadi Namasagali, kandokando ya Mto Nile. Stima ikalivusha Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port. Lori likalibeba kupitia mji wa Masindi na kuteremka nalo ukingo wa Bonde la Ufa hadi bandari ya Butiaba. Hapo likapakiwa tena: stima za Ziwa Albert, kisha za mtoni, zikapita Pakwach na kulifikisha Rhino Camp. Malori yakamalizia kazi kwa kupanda kwenda Arua, na mzigo wa Koboko ukaendelea kaskazini. Pamba ya eneo letu la West Nile ilitoka kwa njia hiyohiyo.

Njia hiyo ilikufa ndani ya muda mfupi, na kilichoiua ni maji.

Mvua za vuli za mwaka 1961 zilinyesha Afrika Mashariki kwa kiasi ambacho vituo vya kupimia mvua havikuwa vimewahi kukiandika. Kati ya mwaka huo na 1964, Ziwa Victoria lilipanda kwa takribani mita 2.5, na maji yanayotoka ziwani pale Jinja yakakaribia kuwa maradufu ya yale ya miaka iliyotangulia. Yote hayo hayana pengine pa kupita ila Kyoga, Albert, halafu kwetu. Namasagali ilifurika na bandari yake ikafungwa; majengo yake yakaja kuwa shule. Huko Butiaba, Ziwa Albert lilipanda juu ya gati mwaka 1962 na kuharibu vyombo. Stima kubwa kuliko zote ziwani humo, SS Robert Coryndon, iliyopewa jina la gavana wa Uganda wa miaka ya 1918 hadi 1922, haikuokolewa. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliiacha, ikazama hapohapo, na kwa miaka mingi mabaki yake ya chuma yenye kutu yalionekana ufukweni.

Mwaka 1964 reli ilifika Pakwach kutokea Tororo kupitia Gulu, na baadaye daraja likajengwa juu ya mto. Tangu hapo Rhino Camp, mahali ambapo Theodore Roosevelt alipiga kambi mwaka 1910 kuwinda vifaru weupe, hapakuwa tena lango la Arua. Lango likahamia Pakwach, na mpaka leo liko hapo.

Wazee wengi wa West Nile wanaikumbuka mvua ile. Lakini asili yake haikuwa Arua, wala Jinja. Ilikuwa baharini.

Kwa kawaida, maji yenye joto zaidi ya Bahari ya Hindi hukaa upande wa mashariki, karibu na Indonesia, na mvua nyingi hunyesha huko. Miaka mingine pepo hugeuka. Zinavuma kutoka mashariki, zinasukuma maji ya joto kuelekea pwani ya Afrika, na upande wa Indonesia maji baridi yanapanda kutoka chini kushika nafasi. Joto likishahamia upande wetu, mvuke nao unahamia, na vuli inageuka kuwa gharika. Wanasayansi waliueleza mfumo huu kikamilifu mwaka 1999 tu, wakauita dipoli ya Bahari ya Hindi. Walipozirudia kumbukumbu za joto la bahari, mwaka 1961 ulijitokeza waziwazi, na 1997 pia.

Hata kabla ya 1961, historia ya eneo letu ina tukio ambalo sasa linaeleweka vizuri zaidi. Mwaka 1877 Bahari ya Hindi ilipata joto la namna hiyo, na mwaka uliofuata Ziwa Victoria lilikuwa juu mno. Mto Nile uliojaa uling'oa visiwa vya mafunjo na kuvishindilia katika vinamasi vya Sudd, na kwa karibu miaka miwili stima hazikuweza kupita kati ya Khartoum na jimbo la Equatoria. Mwaka huohuo wa 1878 ndio Emin Pasha alioteuliwa kuwa gavana wa jimbo hilo. Alianza kazi akiwa amefungiwa na majani. Baadaye, vita vya Mahdi vilipomkata kabisa na Khartoum, alirudi kusini na kuweka makao yake Wadelai, kwenye ukingo wa magharibi wa Nile. Habari za kutengwa kwake husimuliwa kama habari za vita pekee. Mimi naona mto nao unastahili kutajwa.

Tukio la karibuni tumelishuhudia wenyewe. Dipoli ya mwaka 2019 ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa kali zaidi tangu vipimo vianze. Mwezi Mei 2020, kipimo cha Jinja, ambacho kumbukumbu zake zinaanzia 1896, kilisoma mita 13.42 na kuipita kwa sentimita moja rekodi ya 1964. Mei 2024 rekodi hiyo nayo ikavunjwa. Huko Panyimur, wanakotoka samaki wa angara waliokaushwa wanaouzwa katika soko la Arua, Ziwa Albert liliingia majumbani. Mialo ya Obongi, Moyo na Adjumani ilizama. Mwishoni mwa 2024 mafuriko yaliikata barabara ya Pakwach kwenda Olwiyo pale Tangi, na magari ya Kampala yakalazimika kuzunguka. Koboko iko juu, mbali na mto, na Mto Kochi wake hauna ubavu wa kuigharikisha. Lakini bidhaa za dukani Koboko, na malori yanayokwenda mpaka wa Oraba kuvuka hadi Sudan Kusini, hutegemea sana barabara hiyo.

Joto la dunia linayeyusha barafu pia. Watu wengi wakisikia habari hizo huiwaza milima ya Rwenzori kwanza, na ni haki yao. Mwaka 1906, Duki wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kilele cha Margherita, barafu ya milima hiyo ilienea takribani kilomita za mraba 6.5. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Ni msiba, hasa kwa Wakonzo wanaoiheshimu milima hiyo. Hata hivyo, hofu kwamba Nile yetu itakauka barafu hiyo ikiisha haina msingi: katika Mto Mubuku, unaoshuka kutoka mlimani penyewe, maji ya barafu hayafiki hata asilimia 2. Mto hujazwa na mvua, na mvua huletwa na bahari.

Ndiyo maana habari za Antaktika, ambako barafu inayoyeyuka huigeuza bahari yenyewe, zinatuhusu. Katika Bahari ya Amundsen, pepo zimekuwa zikisukuma maji ya kina, yenye joto la nyuzi chache tu kupita kiwango cha kuganda, hadi chini ya mabamba ya barafu yanayoelea mbele ya barafu za Thwaites na Pine Island. Maji hayo yanayala mabamba kutokea chini. Bamba linaloelea likiyeyuka haliinui bahari kwa kiasi cha maana, lakini huizuia barafu ya nchi kavu kama gogo lililoegeshwa mlangoni. Gogo likiondoka, barafu ya nyuma yake inateremka baharini. Maji matamu ya barafu nayo hupunguza nguvu ya maji baridi yenye chumvi yanayozama huko Antaktika na kutambaa chini ya bahari mpaka bonde la Somalia, mkabala na pwani ya Afrika Mashariki. Utafiti wa mwaka 2023 ulikadiria kwamba mzunguko huo unaweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 40 kufikia 2050. Na kwa upande wa Bahari ya Hindi yenyewe, makadirio yanaonyesha kwamba dipoli kali zitaongezeka kadiri dunia inavyozidi joto.

Tunayo bahati moja ambayo watu wa Butiaba hawakuwa nayo. Joto la bahari hupimwa sasa kila siku, na maji ya vuli huchukua miezi kupita Victoria, Kyoga na Albert kabla hayajafika Pakwach na Obongi. Mwaka 1961 hakuna aliyeutumia muda huo. Wakuu wa wilaya za mtoni na wajenzi wa barabara ya West Nile, someni taarifa za bahari mwezi Septemba, na msiruhusu nyumba, gati wala daraja chini ya mstari ambao maji yaliuchora mwaka 1964 na kuupita mwaka 2020.