Pikipiki ya zamani ya safari ndefu: andaa pa kuilaza kabla ya kulipa

Pikipiki kubwa zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980 kwa ajili ya safari ndefu bado zinapatikana sokoni. Baadhi zililetwa na wasafiri waliovuka bara la Afrika kwa barabara, kisha zikabaki. Bei yake inaweza kukuvutia ukiilinganisha na ukubwa wa injini. Lakini ukinunua bila kukagua karatasi, na bila kujua pikipiki italala wapi, unaweza kupoteza fedha zote au kuingiza hatari ya moto ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia, hatua kwa hatua.

Ni pikipiki zipi?

Yamaha XT 500, iliyotoka mwaka 1976, ina silinda moja na huwashwa kwa kupiga kiki. Kati ya hizi, ndiyo nyepesi zaidi, na fundi wa bodaboda ataielewa upesi.

BMW R 100 RS, nayo ya mwaka 1976, ina silinda mbili zilizochomoza kushoto na kulia. Haina cheni. Nguvu hufika tairi la nyuma kwa shafti. Ikiwa na mafuta ina uzito wa kilo 230 hivi.

Honda Gold Wing GL 1000, iliyotoka mwaka 1975, ina silinda nne, hupozwa kwa maji na ina kabureta nne. Ikiwa na mafuta hukaribia kilo 300. Bodaboda ya kawaida ya cc 125 au 150 ina kilo 110 hadi 130. Maana yake ni kwamba Gold Wing ikilala chini kwenye matope, mtu mmoja hataiinua kirahisi.

Anza na karatasi

Usiguse injini kabla ya kuona kadi. Tanzania, kadi ya usajili hutolewa na TRA. Kenya, usajili uko chini ya NTSA. Soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye fremu na namba ya injini, kisha uzilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona namba imekwaruzwa au imegongwa upya, ondoka.

Kuna mtego mwingine. Msafiri wa nje huingia na pikipiki kwa kibali cha muda cha forodha. Kibali hicho kinamtaka atoke nayo nchini. Akiiuza bila ushuru kulipwa, wewe mnunuzi unabaki na chombo usichoweza kusajili, na kinaweza kukamatwa. Kama pikipiki ina namba za kigeni, peleka namba ya chasisi na mwaka wa kutengenezwa kwenye ofisi ya mapato. Uliza gharama zote za ushuru na usajili kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Huenda kodi ikazidi bei ya pikipiki yenyewe.

Ikague injini ikiwa ya baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini. Kama ina joto, huenda ni ngumu kuwaka ikiwa ya baridi na muuzaji ameificha kasoro hiyo.

Ikiwaka, angalia moshi. Wa bluu unaonyesha injini inaunguza oili. Mweusi unaonyesha petroli inaingia nyingi kupita kiasi. Kwa injini inayopozwa kwa maji, moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto ni dalili kwamba maji yanaingia ndani ya silinda.

Kwa Gold Wing, uliza mikanda miwili ya taimingi ilibadilishwa lini. Ni ya mpira, na mpira huzeeka hata kama pikipiki haitembei. Ukikatika, valvu zinaweza kugonga pistoni, na injini ikaharibika hapo hapo.

Tazama pia umri wa tairi. Tafuta tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limekauka na kupasuka pembeni.

Kisha muulize fundi wako swali moja: amewahi kusawazisha kabureta nne zifanye kazi pamoja? Kama hajawahi, hesabu gharama ya kuisafirisha hadi mjini kila inapoharibika.

Pima mlango na njia

Chukua futi kamba. Pima upana wa usukani kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa pikipiki kutoka tairi hadi tairi. Kwa BMW, pima na chini pia, kwa sababu silinda zake zimechomoza pande zote mbili. Halafu pima mlango, kona ya ukuta na kizingiti. Acha nafasi ya kusimama ubavuni, maana pikipiki nzito husukumwa na mtu aliye pembeni yake. Na nyingi za zamani hazina gia ya kurudi nyuma. Ukiiingiza mahali penye mteremko, utaitoa kwa nguvu za majirani.

Kwa nini isilale chumbani?

Watu wengi huingiza pikipiki ndani usiku kwa kuogopa wezi. Kwa pikipiki ya zamani, hatari ni kubwa zaidi. Kwa nyingi, petroli hushuka kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta kupitia koki. Ndani ya kabureta kuna sindano na boya vinavyozuia petroli isizidi. Vikichakaa, na koki ikaachwa wazi, petroli hudondoka usiku kucha.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa au koroboi iliyo mbali na pikipiki. Kwa hiyo funga koki kila unapozima injini. Usiwashe injini ndani ya chumba hata kwa dakika chache, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.

Kibanda kinachofaa

Kibanda kiwe mbali na jiko, kiwe na matundu ya hewa chini na juu, na paa lisilovuja. Sakafu iwe ngumu. Kama ni udongo, weka jiwe bapa au ubao mnene chini ya stendi, la sivyo itazama mvua ikinyesha na pikipiki itaanguka. Kwa ajili ya wezi, zika chuma imara kwenye zege na upitishe mnyororo kwenye fremu. Ukiufunga kwenye tairi peke yake, tairi litaachwa na pikipiki itaondoka.

Angalia panya pia. Hutafuna nyaya na hujenga viota ndani ya boksi la chujio la hewa.

Kabla ya kutoa fedha

Hakikisha umejibu maswali haya matano: Namba zinalingana na kadi? Ushuru umelipwa? Injini imewaka ikiwa ya baridi? Fundi na spea vinapatikana? Kibanda kimeshasimama? Kama jibu moja ni hapana, usilipe kwanza. Na siku ya kulipa, andikishaneni mbele ya mashahidi, kisha uanze kuhamisha umiliki bila kuchelewa. Kadi ikiendelea kuwa na jina la mwingine, utapata shida kuthibitisha kwamba pikipiki ni yako.