Mshahara Unaoficha Jeraha: Fidia ya Ajali na Magonjwa ya Kazi kwa Watumishi wa Umma Tanzania Bara

Muuguzi wa zamu ya usiku akichomwa na sindano iliyotoka mwilini mwa mgonjwa, hatua za kitabibu zinajulikana. Ataosha jeraha kwa maji na sabuni, atapimwa, na kama ipo haja ataanzishiwa dawa za kinga dhidi ya VVU kabla saa 72 hazijapita. Hatua ya kisheria haina mtu wa kuikumbusha usiku huo. Ajali imetokea kazini, mwajiri ana siku 7 za kuitolea taarifa, na upo mfuko ambao tayari umelipwa mchango kwa ajili ya tukio kama hilo. Muuguzi atameza dawa zake kwa siku 28, kadi ya bima itagharimia vipimo, mshahara utaingia benki kama kawaida, na tukio litabaki kwenye faili la mgonjwa kana kwamba alikuja na malaria.

Makala haya yanadai kwamba udhaifu mkubwa wa fidia kwa watumishi wa umma Tanzania Bara hauko tena katika viwango vya mafao. Uko katika taarifa: jeraha linatokea bila kuingia kwenye kumbukumbu yoyote inayolitambua kuwa ni la kazini. Kinachochangia hali hiyo ni vitu viwili ambavyo kila anayetafuta ajira serikalini anavitamani, yaani mshahara usiokatika na bima ya afya. Sekta binafsi ina ukatili wake, na mengi yameandikwa juu ya ukatili huo. Upole wa serikali haujachunguzwa kwa kiasi hicho.

Ni haki kuanza na kilichorekebishwa, kwa sababu ni kikubwa. Kwa miongo mingi, fidia nchini ilitawaliwa na sheria ya kikoloni ya miaka ya 1940, ambayo ukomo wake wa malipo ulibaki ulivyo huku shilingi ikiporomoka. Mfanyakazi aliyepata ulemavu wa kudumu alistahili kiasi kisichozidi Sh 108,000, na familia ya aliyefariki haikuweza kupata zaidi ya Sh 83,000. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilifuta aibu hiyo na kuunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Waajiri walianza kuchangia Julai 2015 na mafao yakaanza kulipwa mwaka mmoja baadaye. Leo mfanyakazi aliyeumia anastahili matibabu, fao la ulemavu wa muda, malipo ya mkupuo kama ulemavu wake wa kudumu hauzidi asilimia 30, na pensheni ya kila mwezi ukizidi hapo. Kuna pia utengamao, malipo kwa anayemhudumia mtu asiyejiweza, gharama za mazishi na pensheni kwa wategemezi. Mtumishi wa umma yumo humo sawa na mfanyakazi wa kiwanda. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1964, unaruhusu nchi kuwatenga watumishi wa umma iwapo wana mpango wao maalumu wenye mafao yasiyo pungufu. Tanzania iliamua kuwaweka wote chungu kimoja, na nadhani iliamua vizuri.

Lakini sheria hii inaanza kufanya kazi pale mtu anapotoa taarifa. Mfanyakazi anamwambia mwajiri, mwajiri anauambia Mfuko ndani ya siku 7 kwa ajali na siku 14 kwa ugonjwa, na madai yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Mpangilio huo unadhani kuna mtu mmoja anayeitwa mwajiri. Katika karakana ya kuchomelea vyuma, mtu huyo yupo na anaonekana. Mwalimu wa shule ya msingi aliyeanguka na bodaboda akifuata mitihani makao makuu ya wilaya atamtafuta wapi? Nidhamu yake iko Tume ya Utumishi wa Walimu, usimamizi wake uko halmashauri chini ya wizara inayosimamia serikali za mitaa, TAMISEMI, mshahara wake unatoka Hazina. Mtu anayemjua kwa sura na aliyemtuma safari ile ni mwalimu mkuu, ambaye hana uhusiano wowote na Mfuko. Taarifa itapita kwa mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata, idara ya elimu, hadi kwa afisa utumishi wa halmashauri. Kila mmoja kati yao anaweza kuikalia bila kuvunja amri yoyote aliyopewa kwa maandishi.

Zaidi ya hapo, hakuna kati yao anayepoteza kitu kwa kuikalia. Hapa ndipo tofauti na sekta binafsi inapojitokeza, na imefichwa katika kifungu kisichosomwa sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu mshahara. Sheria hiyohiyo inamwondolea mwajiri wajibu wa kulipa likizo hiyo pale mfanyakazi anapostahili malipo kutoka katika sheria au mfuko mwingine. Mwenye kiwanda anayelipa mishahara kutoka mfukoni mwake ana kila sababu ya kukimbilia Mfuko ili gharama ihame. Mkuu wa kituo cha afya hana sababu hiyo. Mshahara wa muuguzi wake haupiti mikononi mwake, hauonekani katika bajeti ya kituo, na muuguzi akikaa nyumbani miezi miwili kituo hakiongezewi wala kupunguziwa hata senti. Kinyume chake, akiandika taarifa ataulizwa: glavu zilikuwepo? Boksi la kutupia sindano lilikuwa limejaa? Zamu ilikuwa na wauguzi wangapi? Kutoa taarifa ni kujichongea.

Mtumishi mwenyewe naye hasukumwi kusema. Fao la ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya kipato, na hulipwa kwa muda usiozidi miezi 24. Likizo ya kawaida ya ugonjwa, kwa siku 63 za mwanzo, ni mshahara kamili. Kwa wiki tisa za mwanzo, basi, anayenyamaza anapata zaidi ya anayedai. Akionyesha ED, yaani cheti cha mapumziko ya ugonjwa alichoandikiwa na daktari, mambo yanaisha. Hesabu inageuka siku ya 64, mshahara unapokuwa nusu. Ila kufikia hapo faili limeshaandikwa ugonjwa, waliokuwa zamu wamehamishwa, na wa kushuhudia hayupo. Halafu kuna gharama ambayo haionekani mpaka baadaye. Siku alizotumia kwa sababu ya jeraha la kazini zimekatwa kwenye likizo ambayo angeihitaji siku atakayougua kweli, ndani ya mzunguko uleule wa miezi 36.

Ulemavu wa kudumu ndio unaopotea zaidi. Mfuko hauwezi kutathmini asilimia za ulemavu wa mtu usiyemjua. Dereva wa gari la wagonjwa aliyevunjika bega na kupona nusunusu ataendelea kulipwa mshahara wake wote hadi miaka 60, na kila mtu atasema serikali imemtendea wema. Bega lake lilistahili malipo ya mkupuo, ambayo ni haki tofauti na mshahara na hayafutwi kwa kuwa mtu amerudi kazini. Kwa mtumishi, swali la fidia huja akilini siku ya kustaafu, anapojaza fomu za PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii kwa watumishi wa umma, wakati miezi 12 ilishapita zamani.

Magonjwa ni shida juu ya shida. Milipuko mikubwa hujitangaza yenyewe: virusi vya Marburg vilipozuka Kagera Machi 2023, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa, na hakuna aliyehitaji kuuliza walivipata wapi. Kifua kikuu cha mtaalamu wa maabara hakina mlipuko wala mkutano na waandishi wa habari. Brusela ya afisa mifugo huanza kama homa na maumivu ya viungo, hutibiwa kama malaria, kisha kama taifodi, na hadi itambuliwe ameshazunguka vijiji vingi mno kukumbuka ni ng'ombe yupi. Sheria ina jedwali la magonjwa yanayohusishwa na kazi fulani, na jedwali kama hilo husaidia sana mbele ya tathmini. Haliwezi kumsaidia mgonjwa ambaye daktari wake hakumuuliza anafanya kazi gani.

Mtu anaweza kudhani kwamba jirani zetu, kwa kufuata njia tofauti, wamelikwepa tatizo hili. Kenya haina mfuko wa pamoja. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inambebesha kila mwajiri dhima na kumlazimu kukata bima, na inasema wazi kwamba serikali nayo inabanwa kama mwajiri binafsi, isipokuwa kwa majeshi. Kwa takriban muongo mzima mjadala wa Wakenya ulitawaliwa na swali la nani asikilize madai, mahakama au Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ikavirejesha vingi 2017, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo Desemba 2019. Ulikuwa mgogoro muhimu kwa mawakili. Muuguzi wa kaunti ambaye ajali yake haikuandikwa popote hakuwa na cha kupeleka mbele ya yeyote kati yao.

Mfano unaofundisha zaidi uko mbali. Marekani ilitunga mwaka 1916 sheria ya fidia kwa watumishi wa serikali kuu, na kwa muda mrefu imejifunza jinsi ofisi za umma zinavyoweza kunyamazia majeraha. Mtumishi aliyeumia kwa ajali ya ghafla anaendelea kupata mshahara kamili kwa siku 45, bila kuguswa likizo yake ya ugonjwa, kwa sharti kwamba ametoa taarifa kwa maandishi ndani ya siku 30. Angalia sharti hilo linavyofanya kazi. Mshahara, ambao kwetu unamnunulia mtumishi ukimya, kule umegeuzwa kuwa malipo ya kusema. Siku 45 zikiisha anaingia kwenye fidia: theluthi mbili ya mshahara, au asilimia 75 kama ana wategemezi. Kisha, kila mwaka, Wizara ya Kazi huipelekea kila taasisi ankara ya mafao yaliyolipwa kwa watumishi wake.

La kwanza kati ya hayo, mshahara unaotuza taarifa, tuliige bila kusita. Marekebisho ya sheria au kanuni yanaweza kuanzisha likizo ya jeraha, iliyo mbali na likizo ya ugonjwa, yenye mshahara kamili kwa wiki tisa zilezile, kwa yeyote ambaye taarifa yake imefika. Kwa serikali gharama ya ziada ni ndogo, kwani mshahara huo inaulipa hata sasa.

La pili, ankara kwa kila taasisi, nina wasiwasi nalo. Kwa sasa mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara kwa wote. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021 na kulinganishwa na ya umma mwaka uliofuata. Ofisi ya wahasibu na hospitali ya rufaa zinachangia kwa kipimo kimoja, na wapo wanaotaka kila taasisi itozwe kulingana na rekodi yake ya ajali. Wanasahau kwamba anayetozwa kwa ajali zilizoandikwa hujifunza kuacha kuziandika. Tayari tuna wakuu wa vituo wanaoogopa maswali. Tukiwaongezea ankara tutapata daftari safi na watumishi wenye makovu. Kiwango kimoja kwa wote kibaki. Kinachopaswa kubadilika ni jinsi tunavyosoma sifuri. Hospitali ya mkoa yenye mamia ya watumishi ambayo haikuripoti hata kuchomwa sindano kumoja kwa mwaka mzima haistahili cheti cha pongezi. Inastahili kutembelewa na wakaguzi wa usalama na afya kazini wa OSHA, na jina lake liwemo kwenye ripoti ya mwaka ya Mfuko pamoja na idadi ya watumishi wake, ili vyama vya wafanyakazi kama TUGHE, TALGWU na CWT viwe na la kuuliza kwenye mabaraza ya wafanyakazi.

Lipo pia sikio lingine ambalo halijatumiwa ipasavyo. Mtumishi aliyeumia, hata akimficha bosi wake, hamfichi daktari, na daktari anajaza fomu ya bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ndio wenye sababu ya kifedha ya kutaka kujua: kila jeraha la kazini linalotibiwa kwa kadi yake ni gharama ambayo kisheria ni ya mwingine. Fomu ya madai ikiwa na swali moja la lazima, kama mgonjwa aliumia akiwa kazini, na bima ikipewa haki ya kurudishiwa fedha na Mfuko wa Fidia kwa kila jibu la ndiyo, taarifa zitaanza kusafiri bila kumsubiri afisa utumishi. Taasisi mbili za umma zikidaiana, karatasi haipotei. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inalazimu kupanga upya taratibu za madai, hakuna wakati mzuri zaidi wa kuliingiza swali hilo.

Njia hii haitawafikia wote. Mwalimu wa kujitolea na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye serikali inamtegemea zaidi tangu mpango wa kitaifa uzinduliwe 2024, wanapokea posho. Mchango wa Mfuko hukokotolewa kwa mishahara. Mhudumu huyo anapita nyumba kwa nyumba, anamhudumia mgonjwa wa kifua kikuu kabla hospitali haijamjua, na huenda ndiye wa kwanza kufika mlipuko unapoanza. Serikali ikimpa kazi, kitambulisho na taarifa za kujaza kila mwezi, sioni kwa hoja gani isihesabu posho yake kuwa kipato na kuichangia asilimia 0.5 ileile.