Pindo la Kapeti

Likizo ya baada ya mtihani wa kidato cha nne niliitumia kwenye karakana ya mjomba wangu, Ilala, tukishona kapeti za magari. Kapeti ya kwanza niliyoachiwa peke yangu niliiharibu. Niliipiga ovaloki kwa uzi mwembamba wa nguo, nikamkabidhi mteja. Baada ya wiki mbili aliirudisha. Ukingo ulikuwa umefumuka, na kona moja imejikunja kuelekea pedali ya breki.

“Mjomba,” aliniambia, maana naye huniita hivyo, “kapeti huanza kufa pembeni. Hii ingekufa na dereva.”

Akanifundisha upya. Utepe wa reksini unalazwa kifudifudi juu ya kapeti, unashonwa kufuata ukingo, kisha unageuzwa, unaufunika ukingo na kushonwa tena. Kwenye kona ya mviringo unapunguza mwendo wa cherehani, ili utepe usifanye mikunjo.

Miaka kadhaa baadaye, nikisoma historia ya viwanda, nililielewa kosa langu. Ovaloki ilipata hataza Marekani mwaka 1889, kwenye kiwanda cha familia ya Merrow, Connecticut, watu wa nguo za kufuma. Kapeti nyingi za leo zina asili nyingine. Mwaka 1895, karibu na Dalton, Georgia, binti wa miaka 15, Catherine Evans, alitengeneza tandiko la kitanda lenye vishada vya nyuzi. Mwaka 1900 aliuza moja kwa dola 2.50. Mashine zilipoiga mkono wake, vishada vilichomekwa kwenye kitambaa na kushikwa kwa gundi nyuma. Ukikata kapeti ya namna hiyo, vishada vya pembeni vinabaki bila jirani wa kuvishikilia. Ndiyo kazi ya utepe.

Mwaka 2009 Toyota ilitangaza kurejesha magari milioni 3.8 hivi nchini Marekani, kwa kuwa mkeka wa dereva ungeweza kunasa pedali ya mafuta. Kosa halikuwa pindo. Mkeka ungeweza kuhama mahali pake. Hata hivyo, niliposoma habari hiyo niliikumbuka kona yangu.

Mteja yule alipewa kapeti mpya bure. Niliishona mimi. Mjomba alikaa kando, kimya, akipitisha kidole kwenye kila kona kabla hajaniruhusu kukata uzi.