Pipa, Kodi na Muda: Nilivyoonja Bourbon kwa Mara ya Kwanza

Tarehe 4 Mei 1964 Bunge la Marekani lilikamilisha azimio fupi lililotamka kwamba bourbon ni bidhaa ya kipekee ya nchi hiyo, na kwamba wiski iliyotengenezwa kwingineko isiingizwe humo kwa jina hilo. Siku hiyo Seneti ilikuwa bado imekwama katika mjadala wa Muswada wa Haki za Kiraia, ambao maseneta wa majimbo ya kusini walikuwa wakiuvuta kwa hotuba zisizokwisha ili usipigiwe kura. Haki ya mtu mweusi kuketi mgahawani ilihitaji miezi ya mabishano. Hadhi ya kinywaji ilipita kimyakimya. Mambo haya mawili hayako mbali kama yanavyoonekana, na nitaomba subira ya msomaji hadi tufike yanapokutana.

Kanuni zinazoilinda bourbon ni kali. Mahindi yawe angalau asilimia 51 ya nafaka zote. Mtonesho usitoke mtamboni ukiwa na kilevi kinachozidi asilimia 80, usiingie pipani ukizidi asilimia 62.5, wala usitiwe chupani ukiwa chini ya asilimia 40. Pipa liwe jipya, la mti wa mwaloni, na liwe limeunguzwa kwa moto upande wa ndani. Kuongeza rangi au kionjo ni marufuku. Nilizisoma kanuni hizi kwa miaka kadhaa kama mwanahistoria wa kodi kabla sijapata kukionja kinywaji chenyewe.

Fursa ilikuja mjini Louisville, jimboni Kentucky, jioni ya mwisho ya warsha ya wanahistoria. Profesa mmoja mstaafu, mwenyeji wetu, alinipangia bilauri nne mezani na kuniagiza ninuse kwanza, kisha ninywe kidogo, kisha nitie matone machache ya maji na kurudia. (Wasomaji wasiokunywa, kwa imani au kwa hiari, wasiniache hapa. Mjadala wetu ni wa dola; kilevi ni shahidi tu.)

Ya kwanza ilikuwa bourbon yenye rye, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Ilinijia kwa utamu wa sukari guru, kisha harufu ya vanila na nazi iliyokaangwa, na mwishoni ukali wa pilipili manga uliobaki kooni. Ya pili, ambayo mahali pa rye palitiwa ngano, ilikuwa laini zaidi, karibu na kashata. Ya tatu ilikuwa wiski ya Ireland iliyotoneshwa mara tatu: nyepesi, yenye harufu ya tunda bivu, lakini ikiacha ulimini utelezi kama wa mafuta. Ya nne ilitoka kisiwa cha Islay huko Scotland, na ilinirudisha pwani moja kwa moja: moshi, chumvi, papa mkavu, na nyuma yake dawa ya kusafishia vidonda. Wenzangu wawili waliisukuma mbali. Mimi niliipenda, ingawa bourbon ya kwanza ndiyo niliyoimaliza.

Tofauti hizi zina maelezo ya kawaida kabisa. Moto unapouunguza mwaloni, sukari iliyofungika ndani ya mbao hugeuka kahawia kama sukari iliyoungulia sufuriani, na ile kani inayoupa mti ugumu wake huvunjika na kutoa kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Rangi yote ya bourbon hutoka hapo. Siku inapoingia pipani ni nyeupe kama maji. Joto la kiangazi cha Kentucky huisukuma ndani ya mbao, na baridi huirudisha. Scotland shayiri iliyooteshwa kimea hukaushwa, visiwani hasa, kwa moto wa mboji iliyochimbwa ardhini, na moshi wake haumtoki mlevi wala kinywaji. Halafu, kwa kuwa sheria ya Marekani haikubali pipa la bourbon litumike mara ya pili kwa bourbon, mapipa hayo huuzwa ng'ambo, na sehemu kubwa ya wiski ya Scotland hukomaa ndani yake. Ile bilauri ya nne huenda ilikuwa na Kentucky ndani yake.

Lakini nyuma ya kemia kuna karani wa kodi. Ireland ilipotozwa ushuru wa kimea mwaka 1785, watengenezaji walipunguza kimea na kuongeza shayiri mbichi ambayo haikutozwa. Ule utelezi wa mafuta niliouonja katika bilauri ya tatu, ambao leo huuzwa kama utamaduni wa Ireland, ulikuzwa na ukwepaji wa kodi. Scotland nayo ilikuwa na mamia ya mitambo ya siri mabondeni hadi sheria ya mwaka 1823 iliposhusha ushuru na kuweka leseni yenye bei inayolipika. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet alichukua leseni, na majirani zake walioendelea na magendo walimtishia maisha kwa usaliti huo. Dola ilifaulu pale iliposhusha bei ya kuwa halali.

Marekani ilianza kwa njia nyingine. Mwaka 1791 Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, aliweka ushuru wa wiski ili kulipa madeni ya vita. Wakulima wa magharibi ya Pennsylvania, ambao waliigeuza nafaka yao kuwa wiski kwa sababu kuivusha nafaka yenyewe juu ya milima kuligharimu kuliko thamani yake, waliona wanatozwa kodi ya fedha taslimu katika nchi isiyo na fedha taslimu. Waliwapaka watoza kodi lami na manyoya, wakachoma nyumba ya mkaguzi. Mwaka 1794 Rais George Washington alikusanya wanamgambo wapatao 13,000, na sehemu ya safari aliwaongoza mwenyewe. Waasi walitawanyika kabla ya kupigana.

Miaka mitatu baadaye, akiwa amestaafu, Washington huyohuyo alianzisha utoneshaji wa wiski shambani kwake Mount Vernon kwa ushauri wa msimamizi wake, Mskoti James Anderson. Mwaka 1799 mtambo huo ulitoa karibu galoni 11,000, yaani zaidi ya lita 40,000, ukiwa miongoni mwa mikubwa kabisa nchini. Waliofanya kazi hiyo ni watumwa sita, na majina yao yamo katika kumbukumbu: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Wiski yao haikukaa pipani kwa kukomazwa. Iliuzwa ikiwa nyeupe, kali, ya juzi. Kwa lugha ya mitaa yetu, Baba wa Taifa la Marekani alikuwa akiuza gongo.

Hapa ndipo azimio la 1964 na muswada ule wa haki vinapokutana. Historia rasmi ya wiski ya Marekani ilipenda wahubiri na waasisi. Inasimuliwa kwamba mhubiri wa Kibaptisti Elijah Craig ndiye aliyeunguza pipa la kwanza. Hakuna ushahidi, lakini jina lake liko kwenye chupa. Katika jimbo jirani la Tennessee, ambako wiski hupitishwa kwenye mkaa wa mti wa maple kabla ya pipa, kijana Jack Daniel alifundishwa kazi hiyo na Nathan Green, aliyeitwa Nearest, mtumwa aliyekodishwa kwa mhubiri Dan Call. Baada ya vita na uhuru, Green ndiye aliyekuwa mtoneshaji mkuu wa kwanza wa Daniel. Wazee wa mji wa Lynchburg walilijua hilo muda wote. Kampuni ilianza kulisimulia waziwazi kama sehemu ya historia yake mwaka 2016, ilipoadhimisha miaka 150.

Sasa nije kwenye kile ambacho kwangu ndicho kiini cha bourbon: muda. Pipa linahitaji miaka. Anayelihifadhi anahitaji ghala lisilovunjwa na benki isiyoogopa, na kodi inayosubiri. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, serikali ya Marekani ilianza kumruhusu mtoneshaji aweke wiski katika ghala lililofungwa kwa kufuli ya serikali, alipe ushuru atakapoitoa. Mwanzoni alipewa mwaka mmoja tu. Kufikia 1894 muda huo ulikuwa miaka 8. Halafu ikaja sheria ya 1897. Wakati huo wafanyabiashara walikuwa wakichukua pombe ghafi na kuitia rangi, maji ya tumbaku na kemikali ili ifanane na wiski kuukuu. Sheria hiyo ilisema: wiski ya mtoneshaji mmoja na msimu mmoja, iliyokaa angalau miaka 4 chini ya kufuli ya serikali, yenye kilevi cha asilimia 50, itapewa muhuri wa serikali. Ilitangulia sheria ya usafi wa vyakula na dawa ya mwaka 1906. Mnywaji wa Marekani alilindwa na dola kabla ya mlaji wa vyakula vingine vingi.

Dola hiyohiyo iliweza kugeuka. Katika miaka ya marufuku, 1920 hadi 1933, serikali iliamuru kilevi cha viwandani kitiwe sumu zaidi, methanoli ikiwamo, ikijua kwamba kinaibiwa na kunywewa. Watu walikufa. Waliokuwa na daktari waliandikiwa wiski halali kwa cheti na kuinunua duka la dawa.

Msomaji wa kwetu ameshajua ninakoelekea, kwa kuwa hili linatuhusu kwa maandishi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao vitabu vya shule huutaja kwa biashara ya utumwa tu, una sura nzima kuhusu pombe kali. Ulichora mistari miwili kwenye ramani ya Afrika, nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, na kuzuia au kutoza ushuru vinywaji vikali kati yake. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliendeleza kazi hiyo. Chini ya Waingereza, Mwafrika wa Tanganyika na Kenya alikatazwa pombe kali hadi miongo ya mwisho ya ukoloni. Mzungu aliinywa klabuni. Kilichokuwa kosa kilikuwa ngozi ya mnywaji.

Uhuru uliondoa rangi lakini uliacha hofu. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, ilimtaka mpika enguli awe na leseni na amuuzie mtoneshaji wa kiwandani peke yake, naye aisafishe na kuiuza kama Uganda Waragi. Tanzania ilitunga Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, ambayo nayo inazungumzia leseni. Lakini sijawahi kukutana na mama mpika gongo aliyewahi kuiona leseni hiyo, ilhali mashtaka ya kupatikana na moshi yamejaa mahakama za mwanzo na za wilaya. Katika mtaa niliokulia, jirani niliyemwita shangazi aliwasomesha watoto watatu kwa gongo. Aliificha katika dumu la plastiki, chini ya rundo la pumba, na aliiuza usiku uleule ilipopoa. Nilimuuliza siku moja kwa nini hamtunzii mtu hata lita moja ikae. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hafugi simba. "Mwanangu," alisema, "ikikaa, nakaa mimi ndani."

Ninawasikia wenzangu, wasomi na watumishi wa umma, wakieleza ukali wa gongo kwa ujinga wa wapishi wake. Nimeonja bourbon, nimesoma sheria zake, na maelezo hayo hayanitoshi. Kinachotoka kwenye pipa la mafuta na bomba la shaba uani kwa shangazi na kilichotoka kwa Hanson na Peter ni ndugu. Mmoja wao baadaye alipewa ghala, kufuli na miaka 8. Mwingine alipewa msako. Wala sisemi gongo ni salama. Nairobi, Novemba 2000, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika vitongoji vya maskini, na waliopofuka hawakuwa wachache. Aliyekosa muhuri wa kumtofautisha mpishi na mchanganya sumu hana namna ya kuchagua.

Kenya ilijaribu njia nyingine mwaka 2010, ilipofuta sheria yake mahususi ya kuharamisha chang'aa na kuiweka chini ya sheria moja na vinywaji vingine, kwa masharti ya leseni, viwango na vifungashio. Misako haikukoma, kwa maana mama wa kitongojini hana mtaji wa kuyatimiza masharti yaliyoandikwa kwa ajili ya kiwanda. Wabunge hawakumuuliza swali ambalo sheria ya mwaka 1823 ilimuuliza George Smith kwa vitendo: leseni iwe shilingi ngapi ndipo utoke porini?