Kidhibiti mwanga cha tochi

Kidhibiti mwanga cha tochi ni saketi ndogo inayowekwa kati ya betri na taa ya tochi ili mwanga uongezwe au upunguzwe taratibu kwa kuzungusha kitufe. Tochi nyingi za dukani hubadilisha mwanga kwa ngazi mbili au tatu tu, ndiyo maana wapenda ufundi hujitengenezea cha kwao. Jinsi ya kukitengeneza hutegemea kwanza taa yenyewe, kama ni balbu ya uzi au ni LED.

Kwa balbu ya uzi, njia kongwe ni kuongeza ukinzani katika njia ya umeme. Kifaa cha kuubadilisha ukinzani huo, reostati, kilielezwa na mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone mwaka 1843. Balbu ya tochi ya mawe mawili kwa kawaida ni ya volti 2.5 na ampea 0.3, yaani ina ukinzani wa omu 8 hivi ikiwa inawaka. Reostati ya omu 0 hadi 30 inaitosha. Waya wa koili ya jiko bovu la umeme unafaa, na hata penseli iliyopasuliwa kwa urefu: waya mmoja hufungwa mwisho wa risasi yake, mwingine huteleza juu yake. Penseli ya 6B ni bora kuliko HB, kwa kuwa ina grafiti nyingi na udongo kidogo, hivyo hupitisha umeme vizuri zaidi.

Kwa somo la darasani njia hii haina mpinzani, lakini kwa matumizi ya kila siku ina hasara. Sehemu ya umeme huishia kuwa joto kwenye ukinzani, na mwanga wa balbu hushuka haraka kuliko volti. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30 hivi. Zikibaki nusu, mwanga hubaki karibu sehemu moja ya kumi, tena mwekundu.

LED nyeupe huhitaji volti 3 hivi, na tofauti ndogo ya volti huibadilisha sana, kwa hiyo reostati huwa ngumu kuipima. Dawa yake ni kuukata umeme na kuurudisha mara nyingi kwa sekunde. LED ikiwashwa nusu tu ya kila mzunguko, hutoa takriban nusu ya mwanga, na jicho haligundui kukatika huko.

Kazi ya kukata hufanywa vizuri na aisii ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na kuuzwa na kampuni ya Signetics tangu 1972. Huunganishwa na kapasita ya nanofaradi 47, daiodi mbili za 1N4148 na potenshiometa ya kilo-omu 100, ile ambayo mafundi redio huiita volyumu. Daiodi moja huijaza kapasita kupitia upande mmoja wa volyumu, nyingine huimwaga kupitia upande wa pili. Jumla ya pande hizo haibadiliki, kwa hiyo kasi hubaki mizunguko 300 hivi kwa sekunde hata kitufe kikizungushwa. Ikishuka chini ya 100, mwanga huanza kumetameta. Mguu wa 3 huendesha transista au, kwa LED kubwa, mosfeti inayofunguka kikamilifu kwa volti ndogo.

Wengi hukwama kwenye betri. 555 ya kawaida hudai angalau volti 4.5, wakati tochi nyingi za kuchaji zina betri ya risasi ya volti 4 au ya lithiamu ya volti 3.7. Hapo inafaa aina ya CMOS, kama TLC555, inayofanya kazi kuanzia volti 2.

Rizista ya LED iliyomo ndani ya tochi isiondolewe. Kila mpigo huja na volti kamili, na kukata umeme hakuilindi LED isiungue. Tochi ya betri moja yenye saketi yake ya kupandisha volti nayo haifai kuongezewa kidhibiti hiki, kwani saketi hizo mbili huvurugana.

Volyumu ikishushwa hadi mwisho, aisii huendelea kunywa umeme kidogo, hivyo swichi ya tochi ibaki kati ya betri na saketi nzima.