Vitshumbi: moteri ya mtumbwi ikianza kunywa maji, kipuri gani cha moshi cha kununua?

Kwenye ziwa Edouard, moteri ikizimika usiku katikati ya maji, shida si samaki tu. Upepo unaweza kusukuma mtumbwi mpaka upande wa Uganda, na wavuvi wetu wengi wamekamatwa huko, na moteri zao kunyang'anywa. Wasomaji wanakumbuka mwezi wa saba 2018, wakati wanamaji wa nchi zote mbili walipigana risasi ziwani. Kwa hiyo bamba dogo la aluminiamu kwenye ubavu wa moteri linaweza kumuacha mtu bila chombo cha kazi, ao bila uhuru. Hilo njo tunaeleza hapa.

Tuanze na vile kitu kinafanya kazi. Kwenye boti kubwa za mbio, zenye moteri ya ndani kama ya gari, moshi unatoka kupitia bomba nzito la chuma lenye kuta mbili, na maji yanapita katikati ya kuta ili kulipoza. Moteri zetu za nyuma ya mtumbwi, zile Yamaha Enduro na wenzake, hazina bomba la namna ile. Njia ya moshi imechimbwa ndani ya bloki yenyewe, halafu imefungwa kwa mabamba mawili: la ndani linazuia moshi, la nje linazuia maji. Maji ya kupoza yanapita kati ya hayo mabamba. Moshi unashuka kupitia bomba fupi ndani ya mguu wa moteri na kutokea chini ya maji, kwenye kitovu cha propela. Kila bamba lina karatasi yake ya kufungia, ile mafundi wanaita joint.

Bamba la ndani likitoboka, maji yanaingia njia ya moshi, na moteri ikizimwa yanarudi mpaka kwenye silinda. Utaiona asubuhi: unavuta kamba, moteri nzito, buji ikitolewa ina matone ya maji ao kutu. Bamba la nje likivuja, maji yanachuruzika chini ya kofia. Na rangi ya ubavu ikivimba kama ngozi iliyoungua, ujue ndani kumekuwa moto sana.

Lakini usikimbilie kununua. Kitundu cha nyuma kikitoa maji kidogo (watu wanasema moteri inakojoa vibaya), mara nyingi ni mpira wa pampu ya maji umeisha. Mito Rutshuru na Rwindi inaingia ziwani karibu na hapa, na inaleta mchanga unaokula ule mpira haraka. Mpira ni bei kidogo kuliko bamba. Anza nao. Joint ya kichwa cha moteri nayo inaweza kupitisha maji kwenye silinda, kwa hiyo fundi aipime kwanza, asikuambie tu "ni moshi" juu ana bamba la kuuza.

Maji ya ziwa letu, na ya Kivu vilevile, si chumvi ya bahari, lakini yamebeba madini mengi. Yakipata moto yanaacha chokaa ndani ya njia za kupoza. Siki ao maji ya ndimu yanaiyeyusha: unaloweka bamba, linatoa povu, povu likiisha unaliosha sana. Usiliache usiku kucha, juu asidi inakula aluminiamu pia. Baada ya kusafisha, wengine wanakuta bamba lao lilikuwa zima.

Sasa, kama kweli limekufa, mambo ya namba njo yanaangusha watu. Mtu anafika Goma, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, anasema: "Nipe bamba la Yamaha 40." Anarudi na kitu chenye matundu yasiyolingana. Kuna Enduro 40 za familia mbili, na vipuri vyake vya moshi havibadilishani. Angalia namba ya kipuri: alama tatu za mwanzo zinaonyesha familia ya moteri. 66T ni Enduro 40 ya aina ya E40X, 676 ni ile 40 ya zamani, 63V ni 15 ya kawaida. Tarakimu tano za katikati zinaonyesha kipuri chenyewe: 41112 ni joint ya bamba la ndani, 41114 ni ya bamba la nje. Kabla ya kupanda gari, piga picha kibati cha moteri kwenye kishikio, na beba bamba la zamani ndani ya mfuko. Joint mpya iwekwe juu ya bamba la zamani pale pale kwa muuzaji. Tundu moja likiwa limezibwa ambalo la zamani liko wazi, kataa.

Orijinali, kopi ao okazioni? Mawazo yangu: joint nunua orijinali kila mara, hata kama bamba ni kopi. Kopi ya bamba si mbaya siku zote, lakini iweke juu ya kioo cha dirisha, ikicheza, imepinda. Kupinda kidogo kunasawazishwa na karatasi ya msasa namba 400 juu ya kioo hicho hicho. Okazioni ni mchezo mwingine. Kama moteri ilitoka Mombasa ao Dubai, ilikunywa chumvi. Tafuta unga mweupe na mashimo. Shimo likikata mstari wa joint, rudisha. Hata wenye boti zenye moteri ya ndani wakumbuke hili: baharini bomba la chuma la moshi hubadilishwa kila baada ya miaka 5 hivi, wakati kwenye maji baridi linaweza kukaa miaka mingi zaidi.

Kuna mafundi wanakata bamba kutoka chuma cha kawaida, ao joint kutoka shaba. Naelewa, barabara ikifungwa mtu anafanya nini? Lakini chuma na shaba vikigusana na aluminiamu ndani ya maji, aluminiamu njo inaliwa, na hapo ni bloki inaenda. Ikiwa hakuna namna, ifanye kwa kurudi pwani tu. Silikoni nayo: ikizidi inakatika na kuziba njia ya maji. Joint nzima haihitaji silikoni.

Boliti ndogo za ufunguo wa 10 ndizo zinavunjika. Paka grisi kwenye nyuzi, anza katikati ukielekea pembeni, kwa mizunguko miwili, na mwisho usipite niutoni-mita 8 hivi. Kwa asiye na ufunguo wa kupima, ni nguvu ya kiganja, si ya bega.

Jambo lingine linalosahaulika ni urefu wetu kutoka baharini. Ziwa Edouard liko mita 912, Kivu mita 1460. Hewa nyepesi inafanya moteri ipoteze karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, na mafuta yanazidi hewa, kwa hiyo masizi yanajaa njia ya moshi. Ukifungua, yakwangue kwa mti, si kwa bisibisi. Anayezidisha mafuta ya moteri kwenye esansi "ili ilainike" anaongeza masizi hayo hayo. Enduro inataka 1 kwa 50.

Ukimaliza, usiende na nyavu siku ile. Washa moteri karibu na pwani dakika 10, kofia imefunguliwa, weka mkono karibu na ubavu, angalia kama kuna mvuke. Zima, ngoja nusu saa, toa buji. Zikiwa kavu, kaza boliti tena mara moja moteri ikiwa baridi, halafu weka bamba la zamani kwenye sanduku la vyombo: safari ijayo ya Goma utalihitaji kwa kulinganisha.